Ngazi ya Mtani

“Hii ngazi itakuwa ya nani?”

Mtani aliniuliza hivyo akiwa ameinamia ramani niliyoitandaza juu ya mkeka, uani kwa bibi yangu, Ng'ambo, mjini Tabora. Kidole chake kilikuwa na unga, kikaacha alama nyeupe kwenye karatasi. Nikamwambia ngazi ni ya wote.

“Ya wote ndiyo ya nani?” akauliza. “Ua huu leo zamu yangu kufagia, kesho zamu ya mama wa chumba cha kona. Kamba ya kisima anayo bibi yako. Ufunguo wa choo unakaa kwenye msumari mlangoni kwangu. Sasa hii ngazi, mwenyewe nani?”

Nikacheka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo, nimesomea mipango miji, na nilikuwa na majibu ya maswali mengi ambayo hakuna mtu aliyeniuliza. Hilo la ngazi sikuwa nalo. Nikaiweka karatasi sawa, nikafuta unga kwa kiganja, nikaendelea kueleza.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nyumbani walishanichoka. Kanisani nilimuuliza mchungaji kwa nini wanaume wanakaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, na msibani niliuliza kwa nini wapishi ndio wanaokula mwisho. Bibi alikuwa akisema nilizaliwa kitovu kikiwa kimejikunja, kama alama ya kuuliza. Kwa hiyo watu wanaponisifia nyumba ile niliyoichora Ng'ambo, na bado wananisifia, nashindwa kuelewa ilikuwaje mtu wa maswali kama mimi akakosa kuuliza jambo moja jepesi.

Nyumba ya zamani ilikuwa ya matofali ya udongo. Mbele palikuwa na kibaraza na vyumba vya familia yetu, katikati ukumbi mrefu, na nyuma ua wenye vyumba vya wapangaji. Wapangaji wale hawakuwa wapangaji wa kuhesabu miezi. Mama wa chumba cha kona alifika akiwa mwali, akawa na wajukuu palepale. Kulikuwa na fundi baiskeli na mkewe, na mwalimu mstaafu aliyekuja kutoka Sikonge kutibiwa jicho akasahau kurudi. Na Mtani alikuwepo, kwenye chumba cha karibu na lango, ambako kila anayeingia na kila anayetoka lazima apite mbele ya goti lake.

Tulimwita Mtani kwa sababu alikuwa Mzaramo na sisi Wanyamwezi. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, wakapita kwa Wazaramo wakila, wakigombana na kuzikana, na mpaka leo kilichobaki katika njia ile ni ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Mtani aliletwa Tabora na mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Mume akafa, yeye akabaki. Watoto hawakupata. Hatukumwona ndugu yake hata mmoja akija kumtembelea, na hatukuona ajabu, maana pwani ni mbali.

Mjomba wangu akitoka asubuhi, Mtani alikuwa akimwita kutoka mlangoni: “Wewe mpagazi! Leo umebeba mzigo wa nani?”

“Nabeba ngoma yako, mvivu wewe. Mzaramo kazi yake kucheza na kulala.”

“Ngoma yangu huiwezi. Mabega yako yalizoea pembe za tembo za watu.”

Mimi nilipompa shikamoo aliitika, “Marahaba, mtumwa mdogo.” Na lugha yetu aliitukana kuliko chochote. Tukianza kuongea Kinyamwezi mbele yake alijiziba masikio na kanga: “Haya, kuku wamefunguliwa! Mimi kilugha chenu hicho sikijui na Mungu anisaidie nisikijue.”

Babu alipofariki nilikuwa bado shule. Bibi alikaa siku nzima bila kula, bila kulia, ametazama ukuta. Mtani akaingia ndani, akavaa koti la marehemu, akatoka uani akitembea kama yeye, mkono mgongoni, akikohoa kile kikohozi chake cha kifupi na kumlaumu kila mtu kuhusu chumvi. Bibi akacheka. Akicheka ndipo machozi yakatoka, na baada ya machozi akaomba uji. Mwandishi wa mipango miji angeandika ukurasa mzima kuhusu jambo lile. Mimi nimeliona kwa macho yangu, kisha nikaenda chuo kusoma maana ya jumuiya.

Niliporudi, nyumba ilikuwa imeanza kupasuka kutoka msingi, na Mjomba alikuwa amepata mfanyabiashara wa kuinunua ajenge nyumba ya wageni. Wapangaji walianza kuulizana watakwenda wapi. Wengine walitaja Itetemia, ambako vyumba vilikuwa vya bei nafuu, lakini Itetemia maana yake kila mmoja na njia yake. Nikapinga. Niliwaambia tusiuze. Tuvunje, tujenge juu ya kiwanja kilekile nyumba ya ghorofa moja yenye ua katikati, kila familia iwe na mlango wake na jiko lake, na wapangaji wachange kazi na matofali ili wawe na sehemu yao wasiyoweza kufukuzwa. Nilipata shirika dogo la makazi lililokubali kusaidia saruji na nondo. Mjomba akasema, “Haya, msomi. Ikianguka tutakuzika humo.” Lakini akakubali, na ndiye aliyefanya kazi kuliko wote.

Kwa hiyo ramani ilikuwa yangu. Chini nilichora makazi ya Bibi na ya familia zenye watoto wadogo, ili mtoto asije akaanguka ngazini. Juu nilichora ya wakubwa. Na pale karibu na lango, mahali bora kuliko pote, nilichora chumba kikubwa chenye madirisha mawili, nikakiandika kwa herufi kubwa: UKUMBI WA JUMUIYA. Hapo ndipo kilipokuwa chumba cha Mtani.

Jioni moja tulikuwa uani, Bibi anamenya karanga, Mtani ameketi upande wa pili anapepeta mchele. Bibi akaniuliza kwa Kinyamwezi, bila kuinua macho, “Na huyu utamweka wapi?”

Kinyamwezi changu ni cha kuchechemea, lakini siku hiyo kilinitosha. Nikajibu kwa lugha hiyohiyo: “Juu, mwisho kule.”

“Na goti lake?”

“Goti lake ni maneno tu, Bibi. Chini tuwape wenye watu. Yeye hana mtu wa kuja kumwona.”

Maganda ya karanga yaliendelea kuanguka kwenye sinia. Mtani alirusha mchele kwenye ungo, akaudaka, akasema kwa Kiswahili, “Mnanisengenya, watumwa wangu. Nikisikia mnakoroma hivyo najua mnapanga siku ya kunila.”

“Nyama yako ngumu,” Bibi akamwambia. “Tutachemsha mpaka kiama.”

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, na nikarudi kwenye ramani yangu.

Goti lilikuwa la kushoto. Sote tulilijua kwa sababu alilifanyia mzaha kila siku. Alisema lina mume Kigoma na halitaki safari nyingine. Akiinuka alilipiga kofi na kuliambia, “Twende, bibi harusi.” Mtu akilifanyia mzaha goti lake miaka yote, watu huacha kuona kwamba analiinua kwa mikono miwili.

Siku ya kuvunja, vitu vya kila mtu vilikuwa vimeshahamishiwa kwenye vyumba vya majirani waliotuhifadhi. Mafundi walifika na nyundo. Walianzia nyuma, na chumba cha kwanza kilikuwa cha Mtani. Tukamkuta amelala chali kwenye kizingiti chake, mwili nusu ndani nusu nje, kanga imemfunika mpaka usoni.

“Hamvunji,” sauti ikatoka chini ya kanga. “Maiti wa leo ni mimi. Nizikeni kwanza, humuhumu.”

Ua ukalipuka kwa kicheko. Hii tuliijua. Kwa mila, mtani hulala kaburini akazuia mazishi mpaka alipwe, na hakuna mtu wa Tabora asiyejua cha kufanya. Mama wa chumba cha kona akatupa sarafu kwenye kanga. Mwalimu mstaafu akatupa nyingine. Fundi baiskeli akapiga yowe la msiba la uongo. Mjomba akasimama juu yake na nyundo: “Jamani, Mzaramo ana miguu mirefu, kaburi halitoshi. Leteni msumeno tumkate!”

“Kateni,” ikajibu sauti. “Miguu mtaniachia hapa.”

Tukacheka tena. Sarafu zikaendelea kulia juu ya saruji ya kizingiti. Kisha kicheko kikaisha, kama kila kicheko, na yeye alikuwa bado amelala. Mafundi wakatazamana. Mjomba akasema, “Haya, umelipwa, inuka.” Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, ramani imekunjwa kwapani. Nakumbuka kanga ilivyopanda na kushuka juu ya pumzi yake. Nilifikiria: anacheza vizuri.

Akainuka peke yake, akalishika goti, akajikung'uta vumbi. Akapita katikati yetu kwenda kibarazani. Sarafu hakuokota hata moja, na huyu ni mtu ambaye msibani alikuwa akikimbizana na sarafu mpaka chini ya vitanda. Watoto ndio waliozigombania. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Niliona nikaliweka kando, kama mtu anavyoweka kando kipande cha hesabu kisichoingia ili jibu litoke.

Nyumba ikaisha. Ni nyumba nzuri, sitasema uongo kwa ajili ya kujiadhibu. Upepo unapita, jiko halitoi moshi ndani, maji yanafika mpaka juu. Ngazi iko nje, inapanda kutoka uani, na juu kuna ujia wenye ukingo ambako milango yote inatazama chini. Mtani alipewa mlango wa mwisho. Siku ya kuhamia alipanda akiimba nyimbo za harusi, ngazi kwa ngazi, akipumzika kila baada ya hatua chache na kututukana kutoka huko.

Mwanzoni alishuka kila asubuhi, akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa kutwa nzima na ungo wake. Yeye ndiye aliyeifagia ngazi. Hakuna aliyempangia zamu. Baadaye akawa anashuka siku moja anaacha moja. Baadaye alifunga kamba kwenye kikapu, akawa anakishusha ukingoni, anaita watoto wamtilie nyanya na sabuni. Watoto walipenda sana kikapu kile. Lakini utani wa kupiga kelele kutoka juu si utani. Mjomba akitoka asubuhi alilazimika kuinua uso na kusema “Nini?”, na mzaha ukirudiwa mara mbili unakuwa tangazo. Baada ya muda akawa anapunga mkono tu.

Ukumbi wa jumuiya ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa kwa Mjomba, kwa kuwa lazima ukae kwa mtu. Waliweka humo magunia ya mahindi, baiskeli mbovu za fundi na viti vya plastiki vya kukodisha. Mkutano ulifanyika humo mara chache, na kila mara watu waliishia kutoka nje na kusimama langoni, mahali pale pa zamani, wakiongea wakitazama huku na huku kana kwamba kuna kitu wamesahau.

Wageni walianza kuja kuitazama nyumba, wa halmashauri na wa mashirika. Niliwazungusha. Mara moja nilipanda nao mpaka mlango wa mwisho, na mmoja wao akamuuliza Mtani kama anafurahia makazi mapya.

“Nafurahi sana,” akasema. “Hapa niko karibu na Mungu. Nikimwita hata sauti siinui. Ni hawa wa chini ndio wamenihama.”

Wageni wakacheka mpaka wakashika ukingo. Nilichukua maneno yale, nikayaweka mwanzoni mwa maelezo niliyotoa mbele ya watu waliokuja kuniajiri. Sentensi ya mwisho niliikata, ilirefusha. Kazi nikaipata. Ndiyo kazi ninayofanya mpaka sasa.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. “Chini kumekuwa kimya,” aliniambia nilipokuja likizo. Naye miguu yake ilikuwa imekwisha. Vikongwe wawili waliokuwa wakipepeta mchele pamoja, mmoja alikuwa juu na mwingine chini, na katikati yao palikuwa na ngazi yangu. “Ule ukumbi,” Bibi akasema, “si ungempa tu?”

Nikamweleza kwamba ukumbi ni wa wote. Lazima kikao kikae, kamati ikubali, tuandike upya mgawanyo. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiongea kama watu ambao chuoni nilikuwa nawauliza maswali mpaka wanakasirika. Hata hivyo nilipanda. Nikampa shikamoo, nikamwambia tunaweza kuangalia uwezekano wa kumshusha.

“Usijisumbue, mtumwa mdogo,” akasema. Alikuwa ameketi kitandani, goti limenyooshwa juu ya kigoda. “Nyumba yako nzuri. Mimi narudi kwetu.”

“Pwani?”

“Kwetu,” akasema. “Mtu hana kwao?”

Nilifarijika. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Nilishuka ngazi nikiwa mwepesi, kwa sababu tatizo lilikuwa limejitatua lenyewe na ramani yangu haikuguswa.

Tulimsindikiza kituoni alasiri. Mjomba alimbeba mgongoni kushuka ngazi, naye akamtwanga mabega akisema, “Twende, mpagazi, leo umepata mzigo wa maana.” Alikataa katakata tumkatie tiketi, alikuwa ameshamtuma mtoto wa jirani. Bibi alimpa dumu la asali ya Sikonge na karanga, wakashikana mikono muda mrefu bila kutukanana hata kidogo, jambo ambalo lilitutisha sote. Treni ilipoanza kusogea Mjomba akapaza sauti, “Wasalimie nazi zenu!” Mtani akatoa kichwa dirishani akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia mimi akatabasamu, akajiziba masikio kwa kanga, vile alivyofanya tukiongea Kinyamwezi.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Msibani hapakuwa na mtu wa kuvaa kanga yake na kuigiza sauti yake. Tulilia kwa utaratibu mzuri.

Chumba cha mwisho juu anaishi kijana wa duka la simu. Anapanda ngazi mbilimbili. Nikienda Ng'ambo huwa nasimama uani kidogo kabla sijaingia kwa watu, na mara nyingi ngazi ina mchanga.

Miaka ilipita. Kazi ikanipeleka Igalula, kuangalia kiwanja cha nyumba za walimu. Igalula ni karibu. Ukitoka Tabora kwa treni ya kwenda pwani, hujamaliza hata karanga zako umefika. Kiwanja kilikuwa nyuma ya kituo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga akaniuliza natokea wapi, nikamwambia Ng'ambo.

“Ng'ambo kwenye ile ghorofa yenye ngazi nje?”

Nikamuuliza ameijuaje.

“Mama mkubwa alikaa hapo. Mwenye goti. Alituhadithia mpaka tunaijua milango yote.” Akageuza mihogo kwenye mafuta. “Alishuka hapa na dumu la asali, anacheka. Tumekaa naye masika mawili, akafa. Alisema kuna mjukuu msomi huko, kachora nyumba nzuri kweli.”

Nikasema nilidhani alikwenda kwao, Uzaramo.

“Mumewe ndiye Mzaramo. Babu, yaani baba yake, aliapa hatamwona tena, kwa kuolewa na mtu wa reli, Mwislamu. Basi akaondoka naye, akawa Mzaramo. Alisema ukiwa Mnyamwezi Tabora watu watakuuliza wewe mtoto wa nani, lakini mtani haulizwi.” Akanifungia mihogo kwenye gazeti, akaongeza pilipili bila kuniuliza. Mama mkubwa, aliniambia, alizaliwa hapohapo Igalula, nyumba ya tatu kutoka kituoni, na tangu aliporudi mpaka anakufa hakuongea nao lugha nyingine ila Kinyamwezi.